Mashine ya Mtoto, Tamaa ya Mjomba

Dada yangu anayeishi Msangano aliuza ufuta wake mwaka huu, akalipa aliyokuwa anadaiwa, akanunua bati za jiko, kisha akanipigia simu kuniuliza jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake: mashine gani ya gemu inamfaa mtoto wa miaka sita? Mwanawe alikuwa ametumwa dukani kununua chumvi na sabuni. Chumvi ilifika, sabuni ilifika, chenji haikufika. Ilipofuatiliwa ikaonekana imeishia kwenye kibanda cha gemu karibu na soko, ambako kijana mmoja alimwachia pedi kidogo, akamfunga mabao ya kutosha, halafu akamdai hela ya mchezo kwa kuwa ndiye aliyefungwa.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyekaa kwenye vibanda hivyo," dada akasema. "Kuliko kumfuata huko kila siku na fimbo, bora achezee hapa nyumbani nikimwona. Nichagulie."

Jibu la haraka lilikuwa mdomoni. Kwetu, ukisema gemu umesema PlayStation, na ukisema PlayStation umesema mpira. Mjomba yeyote wa umri wangu angetaja hiyo bila kufikiri. Nilimwomba dada anipe muda, na usiku huo nikazipitia kichwani mashine zilizopita mikononi mwangu, kuanzia bondeni Msangano hadi mpakani Tunduma. Karibu zote zilinunuliwa na mtu mzima aliyesema anamnunulia mtoto huku akijinunulia mwenyewe.

Ya kwanza ilikuja Mkoa wa Songwe haujazaliwa. Songwe ulianzishwa mwaka 2016, na Wilaya ya Momba ilikuwa imekatwa kutoka Mbozi miaka michache kabla ya hapo. Enzi zetu tulikuwa watu wa Mbozi, Mkoa wa Mbeya, wakulima wa mpunga na ufuta kwenye bonde lenye joto ambalo Mto Momba unalipitia ukielekea Ziwa Rukwa. Vya kuchezea tulitengeneza wenyewe: gari za waya zenye usukani mrefu wa kusukumia umesimama, mpira wa nailoni na makaratasi, bao la mashimo ya kuchimba chini ya mwembe. Mjomba wetu alikuwa utingo wa malori ya Zambia na Kongo. Siku moja alishuka kutoka Tunduma na gemu ya mkononi ya Kichina, ile ya matofali yanayoshuka, kioo chake cha kijivu. Boksi lilijigamba kuwa ndani mna gemu 9999.

Tuliamini. Tukakaa tukizitafuta hizo 9999 kama watu wanaotafuta mbuzi waliopotea, na tulichokuta ni gemu chache tu: matofali, nyoka, magari, vifaru. Zilizobaki zilikuwa hizohizo zikiongezewa kasi au kubadilishiwa mahali pa kuanzia. Matofali yenyewe yalikuwa nakala ya Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov akiwa Moscow mwaka 1984, na sidhani kama aliwahi kufikiria kwamba watoto wa Momba wangeigombania kwenye kivuli cha ghala la mpunga. Tangu siku hizo, namba iliyoandikwa kwenye boksi la gemu hainishtui.

Mjomba ndiye aliyecheza zaidi. Usiku alilala chali na gemu usoni, sisi tumemzunguka tukila kwa macho. Lakini betri zilikuwa shida, na shida hiyo ikaleta utaratibu. Tulizianika juani zikichoka ili zipate nguvu ya kumalizia, na mjomba akaweka sheria kwamba matofali yakijaa juu, unampa mwenzako. Hakuna kubembeleza wala kuanza upya. Mchezo mmoja ulikwisha kwa dakika chache, kwa hiyo mduara wa watoto wote ulipata zamu kabla ya ng'ombe kurudi. Na mdogo wetu wa mwisho, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alicheza kama sisi, kwa sababu vitufe vilikuwa vichache na kidole gumba chake kilivifikia vyote.

Baadaye sana nilisoma habari za Gunpei Yokoi, fundi wa Nintendo aliyetengeneza Game Boy ya mwaka 1989. Aliamua makusudi kutumia kioo cha kijivu kisicho na rangi na vipuri vya bei nafuu vilivyokwisha kuzoeleka. Washindani wake wa Sega wakaja na Game Gear yenye rangi za kupendeza, lakini ilimeza betri 6 kwa saa chache tu, wakati Game Boy ilikwenda kwa saa nyingi kwa betri 4. Soko likamchagua Yokoi. Nikikumbuka betri zetu zilizoanikwa juu ya bati, naona mzee yule angetuelewa bila mkalimani.

Nilipohamia Tunduma kwa baba mdogo, nilikuta baridi, foleni za malori ya kuvuka kwenda Nakonde, watu wakihesabu kwacha na shilingi kwa mkono mmoja, na sebuleni TV ya chogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Chini yake palikuwa na TV gemu. Zilikuwa nakala za mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, zikatengenezwa kwa wingi na viwanda visivyolipa hata senti kwa wenye kazi yao, zikaenea duniani kote kwa watu kama sisi. Pedi zilikuwa mbili, kila moja na msalaba wa kuelekezea na vitufe viwili vya kazi. Kaseti uliipuliza kwanza kabla ya kuichomeka, hata kama hatukujua kupuliza kunasaidia nini.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijaliona tena kwenye mashine kubwa. Mama mdogo, ambaye mchana kutwa aliuza mchele mpakani, alikuwa akirudi anavua kanga ya begani, anaketi mkekani na kudai pedi. Alipenda ile ya vifaru, ambayo wachezaji wawili wanalinda ngome moja kwa pamoja. Ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya, anaganda kidogo na adui wanapata mwanya. Ugomvi uliotokea! Lakini ulikuwa ugomvi wa watu walio upande mmoja. Mtoto wa miaka sita na mama wa watoto watatu walikuwa na uwezo uleule mbele ya vitufe viwili, na wote walijua kwamba ngome ikibomoka imebomoka ya wote.

Kizuizi cha muda hakikuhitaji mjadala. TV ilikuwa moja. Saa mbili kasoro baba mdogo alikohoa, na kila mtu alijua kinachofuata ni taarifa ya habari. Ukichomoa waya, gemu imekwisha hadi kesho, kwa sababu mashine haikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi ulipofika. Mario alianza safari yake upya kila jioni, nasi hatukuona ajabu.

Kibanda nilikifahamu baada ya kumaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo. Mwenye kibanda alihitaji mtu wa kukusanya hela, kubadilisha diski na kuzima mashine muda ukiisha. PS2 zilikuwa zimejipanga ukutani, zote zimechipiwa ili zisome diski za kuchoma. Sony yenyewe imesema mashine hiyo imeuzwa zaidi ya milioni 160, nyingi kuliko mashine yoyote ya gemu ya nyumbani. Kwa ninavyoona, ukitaka kujua idadi ya waliocheza, utaje pia mistari ya watoto waliosimama nyuma ya kila kiti kwenye vibanda vya Afrika Mashariki.

Sheria ya kibanda ilikuwa moja: anayefungwa analipa. Aliyeshinda anabaki kwenye kiti, mwingine anakaa, na mechi inaendelea. Kwa kijana wa miaka ishirini huo ni utani wa mtaani. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ni dau lake la kwanza maishani, na anaweka dau dhidi ya mtu atakayemshinda tu. Niliwaona wakija na sarafu ya 200 waliyoifumbata mkononi hadi ina jasho. Pedi ya PS2 ina vijiti viwili na vitufe zaidi ya kumi, vinne kati yake vimejificha kwa mbele ambako vidole vifupi havifiki. Mtoto alishika kijiti kimoja na kitufe kimoja cha kupiga shuti, basi. Alifungwa haraka, alilipa, akarudi nyuma kutazama. Ukiuliza alikuwa anafanya nini kibandani siku nzima, jibu la kweli ni kwamba alikuwa amesimama.

Na alitazama nini? Mechi zikipungua, vijana waliweka San Andreas, ya mwaka 2004, ile ya kuiba magari na kupiga watu barabarani. Ulaya gemu hiyo ilipewa alama ya 18, maana yake si ya watoto kabisa. Alama hizo huchapwa kwenye kasha. Sisi tulikuwa na diski nyeupe ndani ya mfuko wa nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ndiyo maana mzazi wa Tunduma angeweza kupita mlangoni, akaangalia ndani, asipate dalili yoyote ya kumwambia kwamba kinachochezwa hakimhusu mwanawe. Mfumo mzima wa kuonya wazazi ulibaki kwenye makasha ambayo hayakuwahi kuvuka bahari.

Mlango wa pili kutoka kwetu paliwekwa dubwi, mashine ya kamari. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini mashine ile haikuuliza mtu umri, na hapakuwa na askari wa kuilinda. Mtoto aliyezoea kwetu kwamba hela inaingia na kupotea kwenye mchezo hakuhitaji somo jipya kule. Nilipoacha kazi ile nilikuwa na maoni ambayo sijayabadili: sababu nzuri kuliko zote ya kumnunulia mtoto mashine ya nyumbani ni kumwondolea hela kwenye mchezo. Hayo ya kukuza akili na wepesi wa macho waachie wauzaji.

Kaka yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam, na mwanawe alipofikisha miaka sita alimletea PS4. Nilifika likizo ya Krismasi nikakuta sebule imejaa wanaume wazima, kelele za mpira hadi usiku wa manane. Mtoto alikuwa amekaa katikati yao kwa furaha, ameshika pedi, anabonyeza kwa bidii. Ile pedi ilikuwa imezimwa. Baba yake alinikonyeza nisiseme. Nilicheka na wenzangu, siwezi kukana, maana mtoto mwenyewe alikuwa anashangilia mabao aliyoamini ni yake. Ila boksi lile lilifungwa kwa karatasi za zawadi na juu yake jina la mtoto.

Simsimangi kaka. Baba anayefunga mabao kwenye PS4 alikuwa zamani mtoto aliyesimama nyuma ya kiti, na siku alipopata hela alinunua kile kiti. Tatizo ni kwamba mashine za namna hiyo zinaomba mengi: TV ya flati, umeme usioyumba, bando la kushusha masasisho, na gemu ambazo siku hizi moja peke yake inaweza kuzidi gigabaiti 50. Zina pia kufuli la wazazi, la kuchagua umri wa gemu na saa za kucheza, na ni kufuli zuri. Lakini mtu lazima akae chini alifungue na kuliweka, na katika nyumba ambayo baba ndiye mchezaji mkuu, nani atajifungia?

Kwa familia ya mjini yenye uwezo, au ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaoniuliza swali hilihili, Nintendo Switch ndiyo iliyofikiria watoto kuliko nyingine. Ilitoka mwaka 2017, na ya pili yake mwaka 2025. Pedi zake ndogo zinatenganishwa, kila mtoto akapata upande wake. Kuna jambo dogo linalonifurahisha: kadi za gemu zake zimepakwa kitu kichungu mno ili mtoto akizitia mdomoni aziteme mara moja. Aliyebuni hilo ni mtu aliyekaa na mtoto kabla ya kukaa na mhasibu. Bei ya kila gemu, hata hivyo, ni ya kushtua, na ukitaka kuinunulia Msangano jiulize kwanza kadi ya pili itatoka wapi.

Simu janja sikuifikiria hata kidogo. Ndiyo inayopatikana nyumba nyingi, na ndiyo inayomtoa mtoto sebuleni na kumpeleka nyuma ya mlango akiwa peke yake. Gemu zake za bure zinakatizwa na matangazo, na nimeona kwa macho yangu tangazo la kubeti likitokea katikati ya gemu ya kupanga matunda. Tukimtoa kibandani tumpeleke huko, tumemzungusha tu.

Basi nikaenda madukani Tunduma. Kijana wa duka la kwanza alinionyesha kijiti cha gemu cha kuchomeka nyuma ya TV ya flati, pedi mbili zisizo na waya, boksi likitangaza gemu 10,000. Nilitabasamu, nilikuwa nimekutana na babu yake. Nilimwomba akiwashe, nikapitia orodha. Gemu zilezile zilijirudia kwa majina tofauti, na katikati ya wanyama na magari nikaikuta Mortal Kombat, ya kung'oana vichwa, ambayo ilichangia kuwafanya maseneta wa Marekani kuitisha kikao mwaka 1993, na mwaka uliofuata wenye viwanda wakaanza kuweka alama za umri. Imepangwa hapo kando ya Mario bila alama yoyote, kama diski zetu za mfuko wa nailoni. Kwa mtoto wa miaka kumi ningekichukua, nikaitoa kadi ya kumbukumbu na kufuta nisizozitaka kwenye kompyuta. Wa miaka sita, hapana.

Nilichonunua ni ile gemu ndogo ya mkononi inayoitwa 400 kwa 1. Vitufe vyake ni vilevile vya TV gemu ya baba mdogo. Inakuja na waya wa kuchomekea TV, hata ya chogo, na pedi ndogo ya pili. Betri yake ni BL-5C, ileile ya simu za tochi za Nokia, kwa hiyo ikifa dada hana haja ya kunitafuta. Kila fundi simu wa Momba anayo kwenye droo. Umeme ukikatika, mchezo unamalizikia mkononi. Bei yake iko chini ya simu janja ya hali ya chini kabisa. Ndiyo, ni nakala ya nakala, na kazi ya watu imo ndani bila wao kulipwa. Nalisema hilo wazi, kwa sababu njia ya halali ya kuzifikisha gemu hizo kijijini kwetu sijaiona.

Nilimpelekea mwenyewe, nikamfungia waya kwenye TV, nikaacha maagizo. Waya usitolewe ila umeme ukikatika, maana gemu ikitembea na mtoto itamfundisha kujificha. Acheze na dada yake mwenye miaka tisa, na anayepoteza ampe mwenzake. Taarifa ya habari ikianza, imekwisha. Dada aliuliza kama kuna muda uliowekwa na wataalamu. Nilimwambia Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo, na kwamba walio chini ya hapo wasiwekwe mbele yake. Wa miaka sita hakutajwa humo, ila mama anayemwona anapopepesa macho na kukasirika ana kipimo chake.

Je, kibandani ameacha kwenda? Hajaacha. Dada ananiambia bado anapitia pale akitoka shule, kwa sababu rafiki zake wako pale, na mashine hainunui rafiki. Tofauti ni kwamba chenji inarudi. Na mchana wa Jumapili rafiki wawili watatu huja kwao kupanga foleni ya vifaru, jambo linalomlazimu dada kuongeza maji kwenye mboga.

Kwa hiyo wajomba wenzangu mlioko Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam, mkitaka PS5 nunueni, ni hela yenu na ni mashine nzuri, lakini iandikeni majina yenu. Ya mtoto wa miaka sita iwe na vitufe vichache, mchezo unaokwisha upesi na betri inayopatikana kijijini. Na msiondoke dukani bila pedi ya pili.